Ukingo wa Marehemu

Sehemu ya tisa

Mawe sita ya sampuli. Fundi aliyahesabu mwenyewe asubuhi pale karakanani, akayapanga sandukuni kama mayai, akabana kifuniko. Sasa mwalimu mstaafu alikuwa ameshika la saba.

"Hili hukunipa," akasema mwalimu. "Ulikuwa umelificha?"

Fundi akaliangalia jiwe.

Karakana nzima inamwita Msasa. Jina hilo alilipata kwa ulimi wake, maana akikuambia neno ngozi inachubuka. Lakini siku hiyo, katika jiko lile tupu lenye makabati yasiyo na kaunta, Msasa alikosa hata neno la kumkwaruzia nzi.

"Liweke chini, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Si la kuuza."

"Mbona limo kwenye sanduku la kuuza?"

Angejibu nini? Kwamba jiwe lile analijua kuliko kiganja chake? Kwamba miezi minane iliyopita alilipachika kwa simenti, kwa mikono yake miwili, kichwani mwa kaburi la mkewe?

Akanyoosha mkono kulichukua.

Mwalimu hakuliweka chini. Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mwembamba kama rula, na macho yake yalikuwa yanamuaga kidogo kidogo. Daktari alimwambia mwaka hautaisha kabla giza halijaingia. Ndiyo maana alikuwa anatengeneza jiko upya, na ndiyo maana ukingo wa kaunta kwake lilikuwa jambo kubwa. Watu wenye macho huchagua rangi. Yeye alichagua kwa vidole.

Na alikuwa mgumu! Ule wa mraba aliukataa kwa kusema utamkata nyonga siku akipita haraka. Duara kamili akasema maji yatateleza yaje kumlowesha tumbo. Ile shingo ya bata, yenye mapindo mawili ambayo matajiri wanaipenda, akaicheka: "Hapa unga utalala mpaka uote. Nani atausugua, wewe?" Nusu duara, hapana. Pembe iliyokatwa mshazari, hapana. Wa mwamba, ule unaoachwa umemeguka kama umetoka mlimani leo, aliugusa mara moja akauliza kama fundi ana ugomvi naye.

Hili la saba hakulisukuma. Alilipapasa juu, akapeleka vidole chini, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Uso wake ukabadilika.

"Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Huku chini kuna kibonde. Vidole vyangu vinne vinakaa." Akavikaza. "Mtu akisimama sinki akachoka, anajishikilia hapa. Si ndiyo?"

Hayo ndiyo maneno ya mkewe, neno kwa neno. Wale mabwana wanaochora majiko kwenye karatasi hawajawahi kuosha sufuria, alikuwa akisema marehemu. Basi akabuni ukingo wake: juu laini, mbele mviringo wa kiasi, na chini, penye sinki na penye jiko la kupikia, kibonde cha vidole vinne. Karakana nzima hakuna mwingine aliyeuweza. Mashine waliyoileta baadaye ilijaribu, ikavunja jiwe mara tatu.

"Aliyechonga hii," mwalimu akasema, "anatumia mkono wa kushoto."

"Umejuaje?"

"Nimefundisha watoto kuandika miaka thelathini na tano. Wa kushoto namjua hata nikifumba macho. Kibonde kimelalia upande wake." Akatabasamu. "Mwambie huyo fundi wako nimempa mia kwa mia."

"Amekufa."

Lilimtoka hivyo hivyo, bila kufungashwa.

Mwalimu akapapasa tena ndani ya kibonde, akatoa kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

"Amekufa lini? Mbona vumbi lake bado bichi?"

Na hapo, msomaji, ndipo kikohozi kilipopiga.

Kifupi. Kikavu. Mara tatu, kama mtu anayebisha hodi lakini anaomba asifunguliwe.

Fundi alikijua. Alilala nacho ubavuni miaka minne. Tangu kuzikwa kwa mkewe alikuwa akikisikia: nyumbani akiwa anavaa viatu, barabarani, na zaidi pale karakanani, nyuma ya ukuta wa banda bovu ambalo bosi alilifunga kwa kufuli. Wenzake nao walikisikia huko bandani. Walikuwa wameacha kupita upande ule.

"Nani amekohoa?" akauliza.

"Nani tena? Humu ndani tuko wawili. Mimi sijakohoa."

"Na mimi sijakohoa."

Mwalimu akamgeuzia uso, si macho, bali sikio. Alitaka kusema kitu, akakimeza.

"Basi sawa," akasema taratibu. "Lakini mimi nimekwisha kuchagua. Kaunta nzima, ukingo huu. Na uniwahishie kabla macho hayajafunga duka."

* * *

Hakurudi karakanani. Alipanda kilima cha makaburini na sanduku begani, na kilima kile siku hizi kilikuwa kimeota urefu. Mara mbili alisimama kuvuta pumzi. Akalaumu sanduku. Akalaumu kilima. Akawalaumu wakubwa wa mji walioona wafu wapelekwe juu kama vile wanasubiri kuangalia mandhari.

Moyoni alikuwa na jambo moja tu: kama lile jiwe limeng'olewa, atamfuata aliyeling'oa mpaka chumbani kwake.

Akafika. Akatazama.

Jiwe lilikuwepo.

Limekaa palepale kichwani mwa kaburi, simenti haijaguswa, ndege wamelichafua kidogo. Akalishika. Akatoa lile la saba sandukuni, akayaweka ubavu kwa ubavu.

Mapacha!

Mviringo uleule. Kibonde kilekile, kimelalia upande uleule. Hata ile kasoro ndogo ilikuwepo: vidole vitatu kabla ya mwisho, marehemu alikuwa na tabia ya kusita, kisha anabonyeza tena, na jiwe linabaki na wimbi ambalo halionekani. Linasikika tu ukipitisha ukucha. Fundi akapitisha ukucha kwenye jiwe la kaburi. Tik. Akapitisha kwenye la saba.

Tik.

Akakaa chini kwenye majani.

"Mke wangu," akasema, "unataka nini?"

Akapuliza ndani ya kibonde cha lile jiwe jipya, na unga mweupe ukamrukia usoni, laini kama wa ngano.

Hapo akili ya kazi ikaamka kabla ya akili ya huzuni.

Jiwe likichongwa kwa maji, vumbi linageuka uji wa kijivu, ukikauka unashika kama gamba. Jiwe likichongwa kavu, linatoa unga. Huu ulikuwa unga. Na mizimu, kwa jinsi yeye alivyosikia habari zao, haina haja ya kushika mashine ya grinda.

Mtu mwenye mwili amechonga jiwe hili. Amelichonga juzi. Amelichonga kavu.

Kavu, kama walivyomchongesha mkewe.

Hilo halihitaji shahada kulielewa. Bosi alifunga mpira wa maji pale karakanani kwa sababu wateja walikuwa wakija na viatu vizuri, na uji wa jiwe unachafua sakafu. Sakafu! Mkewe akachonga kavu miaka sita, akitoka mweupe kila jioni kama andazi lililoviringishwa ungani, ili kiatu cha mteja kisipate doa. Alipoanza kukohoa waliambiwa ni mafua. Alipoanza kukonda waliambiwa ni mawazo. Siku moja gari la kliniki likaletwa, wafanyakazi wote wakapigwa picha za kifua, na bosi akasimama juu ya mbao akatangaza: wote wazima. Picha zenyewe hakuna aliyeziona. Mkubwa akikuambia wewe ni mzima, hata ukifa unakuwa umekosa adabu.

Siku ya mwisho mkewe alimshika mkono. Sauti ilikuwa imebaki nyuzi.

"Niahidi. Mtoto wetu asishike vumbi hili."

"Naahidi."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja, mama."

Walikuwa na binti mmoja tu. Tangu utotoni alikaa miguuni pa mama yake akichonga vipande vya sabuni kwa kijiko, mama akichonga jiwe, yeye sabuni, na sabuni za nyumba ile hazikuwahi kuwa na pembe. Fundi alicheka akiona ni mchezo. Baada ya msiba alimpeleka binti chuo cha ukarani, mbali na mawe. Kila asubuhi binti anavaa sketi yake iliyopigwa pasi anatoka, kila jioni anarudi ameoga.

Anarudi ameoga.

Fundi akasimama ghafla kilimani. Mtu gani anatoka kusoma ukarani ameoga?

Akatoa simu.

"Baba?" Binti alipokea haraka, anahema.

"Uko wapi, mama?"

"Chuoni. Mwalimu yuko ndani, siwezi kuongea."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi. Baba, vipi? Umeshaonyesha yule mama sampuli?"

"Nimeonyesha."

"Amechagua ipi?"

Sikiliza swali hilo, msomaji. Katika miezi minane binti hajauliza hata mara moja habari za kaunta za watu.

"Utajua jioni," fundi akasema.

Kabla simu haijakatika, kikohozi kikapiga. Kifupi, kikavu, mara tatu. Kilipiga ndani ya simu au nje ya simu? Hakujua. Sikio lake na simu vilikuwa kitu kimoja.

* * *

Karakana ilikuwa kwenye mapumziko ya mchana. Mashine zimezimwa, mafundi wako ng'ambo ya barabara wanakula. Fundi aliingia kwa lango la mbele na kuuweka mzigo wake chini polepole.

Lazima niwaambie jambo moja. Wiki mbili baada ya mazishi, Msasa alipandishwa cheo. Kutoka kwenye kukata mawe katika vumbi lilelile, akawa mpimaji: anazunguka mjini na tepu na sanduku, anapima majiko, anaonyesha sampuli, anarudi jua likizama. Alishukuru. Alidhani ni huruma. Lakini wakubwa wakikupandisha ghafla, usitazame unakopandishwa, tazama wanakokuondoa.

Akaenda nyuma.

Banda bovu lilikuwa mahali pake, mabati yameshika kutu, mlango wa mbao una kufuli. Bosi alisema humo ni vipande vilivyovunjika tu. Fundi akasimama mbele ya mlango. Chini yake, kwenye ule ufa wa kidole kimoja, palikuwa na mstari mweupe wa unga uliomwagika nje kama ulimi.

Akaangalia kufuli. Lilikuwa limening'inizwa, halijafungwa.

Ndani, grinda ikawaka.

Fundi anazijua sauti za grinda kama mchungaji anavyojua kengele za mbuzi wake. Hii ililia juu, ikashuka, ikasita, ikabonyeza tena. Palepale, vidole vitatu kabla ya mwisho. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akisita vile isipokuwa mmoja, na huyo alimzika.

Grinda ikazimwa. Kikohozi kikafuata.

Akataka kukimbia. Nawaambia ukweli, mwanamume yule mwenye ulimi wa msasa alitaka kuchukua miguu yake na kuondoka, akalale, asiulize tena. Mkono wake ndio uliokataa. Ukasukuma mlango.

Vumbi lilikuwa limesimama hewani kama pazia. Katikati ya pazia, mtu. Mweupe mwili mzima: mweupe kichwani, mweupe mabegani, mweupe kope, kitambaa kimefungwa puani. Ameinamia jiwe jeusi. Grinda iko mkono wa kushoto.

"Mke wangu," fundi akasema, na sauti haikuwa yake.

Yule mtu akageuka. Halafu akashusha kitambaa, na chini ya unga ule pakatokea mdomo wa kijana, wenye kovu dogo la kuanguka kwenye ngazi akiwa na miaka mitano.

"Baba."

Mawe sita yale yangemdondokea kichwani yasingemfanya vile. Akaenda moja kwa moja, akamnyang'anya grinda, akaitupa. Akaanza kumpangusa vumbi usoni kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, kama anayefuta maandishi.

"Nilimuahidi! Nilimuahidi mama yako! Unaniua, wewe! Unaniua na yeye unamuua mara ya pili!"

"Baba, unaniumiza."

"Chuo kiko wapi? Ukarani uko wapi?"

"Niliacha mwezi uleule wa kwanza."

"Nani kakuingiza humu?"

"Nimejiingiza."

"Muongo!"

"Baba, nisikilize kwanza. Mimi ndiye niliyeweka jiwe kwenye sanduku lako."

Fundi akasimama na mikono hewani, imejaa unga.

"Nilishindwa kukuambia kwa mdomo," binti akasema. "Nikafungua mdomo mara ngapi, nikashindwa. Nikajua jiwe utalisoma. Nikajua ukilishika utakuja."

"Nimefikiri ni mama yako."

"Najua." Machozi yalikuwa yanachora njia mbili kwenye unga. "Ni yeye kanifundisha. Kwenye sabuni."

Kabla fundi hajajibu, kivuli kikaziba mlango.

Bosi. Mtu mfupi, nadhifu, viatu vyake vikiwa vimevikwa mifuko ya plastiki ili visichafuke. Kwapani alikuwa amebana bahasha kubwa ya kaki. Hakuonekana ameshtuka. Wakubwa hawashtuki, wanaudhika tu.

"Msasa. Leo umemaliza mapema."

"Umemfungia mwanangu kwenye kaburi."

"Taratibu, mzee. Hakuna aliyefungiwa. Kufuli umeliona mwenyewe." Akapiga chafya kidogo, akajifuta kwa leso. "Binti yako ni mtu mzima, ana mapatano na mimi. Kumi na mbili. Majiko kumi na mawili ya ukingo wa mama yake, halafu nampa kitu chake. Amemaliza kumi na moja, ya wateja ninaowauzia mwenyewe. La mwisho ni la huyu mwalimu wako. Amenipigia simu, amekubali. Hongera, umeuza vizuri."

Fundi alitazama bahasha. "Kitu gani?"

"Muulize mwenyewe."

"Picha ya mama," binti akasema, bila kuinua macho. "Picha ya kifua. Ile ya gari la kliniki. Niliiona ofisini kwake siku nilipokuja kuchukua vifaa vya mama. Imeandikwa tarehe, baba. Miaka mitatu kabla hajafa. Daktari ameandika kwa kalamu nyekundu: aondolewe kwenye vumbi mara moja. Na chini kuna sahihi ya kupokea." Akanyoosha kidole cheupe mlangoni. "Yake."

Mnasikia, wasomaji? Miaka mitatu! Miaka mitatu mtu ana karatasi inayosema mwenzako anakufa, na anaiweka kwenye droo pamoja na stepla.

Msasa akamwendea. Alikuwa amekunja ngumi, na bosi, kwa mara ya kwanza, akarudi hatua moja, mifuko ya plastiki ikalia chwa.

"Ukinigusa naichana," akasema. "Ni karatasi tu, mzee. Inachanika."

Fundi akasimama.

"Jiko moja," bosi akasema. "Mwalimu anasubiri, macho yake yanakwenda, amenieleza mwenyewe. Siku tatu za kazi. Kisha mnachukua bahasha mnakwenda nayo mnakotaka, mnishitaki hata kwa malaika. Au mnaondoka sasa hivi, na mimi nawasha kiberiti. Chagueni. Kazi yako si ndiyo hiyo, Msasa? Kuwachagulisha watu?"

Akageuka. Mlango ukafungwa. Safari hii kufuli lilisikika likibana.

Giza halikuwepo. Mabati yalikuwa na matundu, na kila tundu liliingiza fimbo ya jua, na ndani ya kila fimbo vumbi lilikuwa likizunguka polepole, halina haraka, linajua kazi yake.

"Hushiki tena," fundi akasema. "Acha achome. Mama yako nilimjua, sihitaji picha kujua kilichomuua. Nitavunja bati lile, tunatoka, basi."

"Hapana, baba."

"Nimesema hushiki! Ahadi ni ahadi. Picha ya maiti itanisaidia nini? Wewe ndiye niliyebaki naye. Kifua chako ndicho ninachokitaka, si karatasi!"

Akashika kipande cha nondo, akaanza kutafuta bati lililolegea. Alipiga mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu nondo ikawa nzito, akaegemea ukuta, anatafuta pumzi. Akalaumu joto.

Binti alikuwa anamwangalia. Alimwangalia kama alivyofanya mwalimu asubuhi ile jikoni, kwa sikio.

"Baba, kaa chini."

"Sikai."

"Baba, tafadhali." Akamshika bega, akamkalisha juu ya jiwe jeusi lenye ukingo mpya. Vidole vya fundi vikaenda chini vyenyewe, vikaingia kwenye kibonde, vikajishikilia. "Kule nyumbani, chumba changu na chako tumetenganishwa na ubao tu. Nimekusikiliza usiku mwingi."

"Ni mama yako huyo. Hata mimi namsikia. Amekataa kutuacha."

"Hapana, baba."

"Namsikia mimi! Leo kwa mwalimu nimemsikia. Kwenye simu nimemsikia."

Binti akapiga magoti mbele yake. Unga ukamdondoka begani.

"Picha ya mama singeiuzia kifua changu," akasema. "Mama ameshakwenda, angenipiga kofi. Kwenye bahasha ile picha ni mbili. Zote zina kalamu nyekundu. Zote zina sahihi."

Fundi akafungua mdomo.

"Ya pili ni yako."

Nje, viatu vya plastiki vilikuwa vinaondoka, chwa, chwa, chwa. Mle bandani kikohozi kikapiga. Kifupi, kikavu, mara tatu.

Fundi akamtazama binti yake.

Midomo ya binti ilikuwa imefungwa.